Mtani Wangu Aliniandika Kupe

Watu wakiniuliza kwa nini sikumaliza chuo kikuu huwa nawajibu, "Muulizeni Mzigua," kisha nageuza maneno. Wengi hucheka wakidhani natania. Sitanii. Nimechoka kuchekwa kwa jambo hili, na leo nalieleza mara moja tu, tena kwa hasira, maana hasira zangu hazijaisha na sioni kwa nini ziishe.

Mimi ni Mnyamwezi wa Bagamoyo. Babu yangu mzaa baba alifika pwani akiwa mpagazi, na mzigo wa watu kichwani, akautua, akaoa hapa hapa, na habari ya kurudi Unyamwezini ikaishia hapo. Kinyamwezi chenyewe sikijui, zaidi ya salamu na matusi mawili matatu. Nimezaliwa kwenye nyumba ya makuti nyuma ya soko la samaki, nimehitimu Kurani kabla sijajua kusoma gazeti, na mama yangu ni mwenyeji wa hapa hapa, mpika vitumbua. Lakini kabila ni la baba, na kwa Mzigua yeyote mimi nilikuwa Mnyamwezi, yaani mtani.

Vijana wa siku hizi wakisikia utani wanafikiria timu za mpira. Wapi! Utani wetu na Wazigua ulitokana na vita vya mababu. Walipochoka kuuana wakakubaliana watukanane. Mtani anaweza kukuita mbwa mbele ya mkweo na huna ruhusa ya kununa. Anaweza kumkamata kuku wako uani akaondoka naye, na wewe ukamwambia karibu tena. Na siku ukifa, mtani ndiye anayelizuia jeneza njiani na kukuiga ulivyokuwa ukitembea, hata wafiwa wacheke pale walipodhani hawatacheka tena. Ukoo usiokuwa na mtani msibani unaonewa huruma.

Sasa, chuoni, mwanzo wa miaka ile ya sabini, kila mwanafunzi alikuwa na karatasi yake ya masharti. Ilikaa ofisini ndani ya kabati la chuma. Upande wa kushoto yameorodheshwa yote unayotakiwa kuyatimiza ili upewe shahada: masomo ya lazima, masomo ya kuchagua, mazoezi ya kufundisha, na mengineyo. Upande wa kulia karani anagonga muhuri, limetimia au halijatimia. Sisi Waislamu wa pwani tuliiita kitabu cha amali. Mwisho wa kila muhula tulipanga foleni dirishani, kila mtu akaonyeshwa yake, na wenzangu wengi waliitupia jicho moja wakaenda zao kucheza karata.

Mimi niliinakili. Nilisimama pale dirishani karani akinikodolea macho, nikaandika mstari kwa mstari, nikaenda kuibandika ukutani juu ya kitanda. Kila nilipofaulu somo nililikata kwa penseli nyekundu. Mwenzangu wa chumbani, mtu wa Moshi, aliniambia naugua. Nikamwambia wewe kwenu kuna kahawa na kihamba cha kurithi, mimi kwetu kuna karai la vitumbua. Nilikuwa nasomea ualimu wa hesabu, na mkuu wa sekondari moja kule nyumbani alikuwa ameshaniambia nafasi ipo, nilete shahada tu. Bila shahada hakuna nafasi. Ndiyo maana niliichunga ile karatasi, na hadi mwaka wa mwisho unakaribia mistari yote ilikuwa imekatwa isipokuwa michache, na sharti moja lililonipa furaha kuliko yote: kazi ya kijijini.

Enzi hizo nchi ilikuwa inajenga vijiji vya ujamaa, na wakubwa walisema msomi asiyelijua jembe ni hasara kwa taifa. Kwa hiyo kabla ya mwaka wa mwisho kila mmoja alipangiwa kijiji cha kukaa likizo nzima ndefu. Unalima na watu, unafundisha kisomo cha watu wazima, na ukiondoka mwenyekiti wa kijiji anaandika taarifa ya kazi yako na tabia yako, anaifunga kwa lakiri, unaibeba mwenyewe hadi chuoni. Mtu wa Moshi alipelekwa kusini mbali kabisa, akalia. Mimi nikapangiwa kijiji cha Wazigua upande wa Saadani. Nilijiona nimependelewa.

Siku niliyofika nilimkuta mwenyekiti anachonga mpini wa jembe kivulini mwa nyumba yake. Mzee mrefu, mkavu, kofia ya kiua imemkaa upande. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi, mzee."

Alitupa mpini, akasimama, akapiga ukelele kijiji kizima kikatoka. "Jamani fungieni kuku! Serikali imetuletea Mnyamwezi!"

Basi toka siku ile sikuwa na amani, na sijawahi kuwa na raha kama ile tena. Kila asubuhi nikimwamkia hujibu, "Marahaba, mpagazi." Ijumaa moja alivaa viatu vyangu, navyo ndivyo pekee nilivyokuwa navyo, akaenda navyo msikitini akavirudisha Jumapili. Nami nikalipiza, nikachukua panga lake nikalificha, akalikomboa kwa mapapai. Mbele ya mkutano wa kijiji aliniuliza kama ni kweli kwetu mtoto hazaliwi mpaka apimwe uzito wa mzigo anaoweza kubeba. Nikamwambia ni kweli, na kwamba babu zetu walipopita Uziguani waliwakuta babu zake juu ya miti kwa woga, wakadhani ni nyani. Watu walicheka hadi ajenda ikasahaulika. Na kazi nilifanya, wallahi nilifanya. Nililima pamba mikono ikatoka malengelenge, nikalinda mahindi yasiliwe na nguruwe, na jioni nikafundisha kusoma na kuandika chini ya banda la ghala.

Mwenyekiti mwenyewe alikaa mstari wa mbele. Herufi za Kiarabu alizijua tangu utotoni, lakini hizi za kizungu hakuwahi kuzipata, na taarifa zote za kijiji aliandikiwa na katibu. Jambo hilo lilimuuma. Alijifunza haraka, maana mkono ulishazoea kalamu, ila kila neno alilitamka kwa nguvu kabla hajaliandika. Hadi likizo inakwisha alikuwa anaandika sentensi nzima, herufi kubwa kubwa, zimesimama imara. Nilijivunia mwandiko ule kuliko kitu chochote nilichokifanya kule.

Siku ya kuondoka, katibu alileta karatasi ili aandike ile taarifa ya chuo. Mwenyekiti akamnyang'anya. "Huyu ndiye aliyenifundisha," akasema. "Ya kwake nitaandika mwenyewe." Akajifungia chumbani. Nilimsikia anatamka maneno lakini sikuyapata vizuri, na kila baada ya muda anacheka peke yake. Alipotoka barua imeshafungwa, lakiri imeshagandishwa, muhuri wa kijiji umegongwa juu.

"Nimekuandika, mtani," akaniambia. "Sasa watakujua."

Nikamwambia, "Kama umeandika kwa mkono ule wanaweza kudhani ni kuku aliyepita kwenye wino." Tukacheka wote wawili. Alinisindikiza hadi mwisho wa mashamba, jambo ambalo mzee kama yule halazimiki kumfanyia mtoto, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akasema ni vumbi. Nikaondoka na barua mfukoni na jogoo mkononi.

Barua niliifikisha chuoni kama ilivyo, nikaikabidhi dirishani, nikarudi kwenye masomo yangu. Mwaka ukapita, na kila muhula mstari ule niliukuta mtupu, karani akisema baraza la chuo bado halijazipitia barua za vijiji. Mitihani ya mwisho nikaifanya, matokeo yakatoka, nimefaulu yote. Nikaenda dirishani na penseli yangu nyekundu kukata mistari iliyobaki. Karani akatoa karatasi yangu, akaitazama, akanitazama, akasema niende kwa bwana mkubwa ndani.

Niliiona kabla sijakaa. Kila mstari, limetimia. Penye kazi ya kijijini palikuwa na muhuri ambao sijawahi kuuona, mwekundu: hairidhishi.

Bwana yule alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu mzima, mpole, suti ya Chou En-lai imepigwa pasi. Akafungua jalada, akatoa barua ya mwenyekiti, akaniuliza kama naujua mwandiko. Nikasema naujua, mimi ndiye niliyemfundisha. Akanisomea.

"Kwa chuo. Mimi mwenyekiti nasema kweli tupu. Huyu mliyetuletea ni Mnyamwezi. Ni kupe. Katunyonya tumebaki mifupa. Kuku wamekwisha. Jembe akilishika linalia. Wazee kawafundisha kusoma ili wagombane na wake zao kwa barua. Shahada msimpe, mpeni pembe za ndovu abebe arudi nazo Tabora. Sisi hatumtaki tena, labda arudi mwakani. Ni mimi mtani wake."

Nilicheka. Nilishindwa kujizuia, nilicheka mle ofisini mpaka nikashika meza, kwa sababu niliisikia sauti yake, na kwa sababu hakukosea herufi hata moja. Bwana mkubwa hakucheka.

"Kijana," akasema, "nami kwetu tuna watani. Nimeielewa mara ya kwanza nilipoisoma. Lakini baraza halikuisoma hii. Nusu ya baraza ni wageni, wamesoma tafsiri ya Kiingereza."

Akanionyesha. Ndugu yangu, utani ukitafsiriwa kwa Kiingereza unageuka shitaka. Nimetuhumiwa kuiba mifugo. Nimetuhumiwa uvivu. Nimetuhumiwa kuvunja ndoa za watu. Na lile neno kupe, ambalo mwenyekiti alilipata redioni kama sisi sote tulivyolipata, kwa kuwa mwaka ule ilikuwa kupe na mnyonyaji asubuhi na jioni, lile lilikuwa limepigiwa mstari. Kiongozi wa kijiji cha ujamaa amemwita mwanafunzi kupe, kwa maandishi, kwa muhuri. Bwana mkubwa alisema kuna mtu aliyewahi kufukuzwa kwa dogo kuliko hilo.

"Na hapo chini ameandika mtani," nikamwambia. "Si ameandika?"

"Ameandika. Lakini kanuni haina mahali pa mtani."

Nikamuuliza kama naweza kurudia hiyo kazi. Akasema ya kulima ningerudia, ya tabia hairudiwi. Njia ilikuwa moja tu: mwenyekiti yule yule, kwa mkono wake mwenyewe, aandike kwamba anayafuta aliyoyasema, na barua ifike kabla baraza halijakaa mara ya mwisho kuelekea mahafali. Bila hiyo natoka chuoni mikono mitupu, na serikali iliyokwisha kunilipia haingelipa mara ya pili. Nikamshukuru. Siku zilikuwa zinatosha, na nilijua yule mzee akisikia atashika kichwa na kuandika barua ya kunifanya niwe waziri.

Nikapanda basi la Bagamoyo. Nyumbani sikupita. Sikutaka mama ajue kabla sijalimaliza, maana mama akijua jambo, soko zima linajua. Nikaunganisha hadi Msata, pale nikasubiri lori la kwenda juu, vumbi likanila, nikashuka njia panda ya Mandera na kutoka hapo ni miguu na baiskeli za kuomba. Njia nzima napanga matusi. Nilikuwa na hasira naye, ndiyo, lakini hasira za kumkuta mtu umtukane vizuri mkale wote. Nilipanga nimwambie nimemfundisha kusoma, kumbe ningemfundisha kwanza akili.

Nilipoukaribia uwanja wa nyumba yake niliona watu wengi. Wanawake wameketi mikekani, wanaume wamesimama makundi makundi. Nikadhani harusi. Kisha nikaliona jeneza limeegemezwa ukutani, na kaka yake mkubwa amekaa kwenye kile kiti alichokaa mwenyekiti siku zote.

Kifua kilimbana shambani jana yake, akarudi nyumbani akalala, hakuamka. Maneno hayo aliniambia mtu ambaye sikumtazama usoni, kwa kuwa hapo hapo mwanamke mmoja alishaniona, akapaza sauti, "Mtani! Mtani kaja!"

Mtume! Uwanja mzima ukageuka. Watu wale walikuwa na huzuni mbili, ya kufiwa na ya kumzika mzee wao bila mtani, kwa sababu Mnyamwezi wa karibu alikuwa Miono na alikuwa mgonjwa. Na sasa nimetokea njiani, na mkoba wangu, sikuitwa na mtu. "Damu imemvuta," wakasema. Mjane wake alinishika mikono miwili akanishukuru. Kaka mtu akanyanyuka akasema, "Tulikuwa tunaondoka na maiti. Umetusitiri."

Nilitaka kukimbia. Nasema kweli, miguu ilishageuka. Lakini mtani hakimbii, na jeneza lilikwisha kubebwa, na watu wote macho kwangu. Nikaenda nikakaa katikati ya njia. Jeneza likasimama. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Nilikuwa nimeona watani wakifanya tangu mtoto. Nikafungua kinywa niige sauti yake, na haikutoka. Kilichotoka ni kilichokuwa kimenijaa.

"Hapiti mtu!" nikapiga kelele. "Huyu hazikwi! Huyu kaniua mimi kwanza!"

Wakaanza kucheka.

"Kaniandika kupe! Nimemfundisha herufi, nimemshika mkono, akautumia mkono huo huo kunichimbia kaburi! Kawaambia chuo mimi mwizi wa kuku! Shahada yangu imekwisha, mnasikia? Imekwisha!"

Kicheko kikapanda. Mzee mmoja alijishika mbavu. Nikasimama, nikalishika jeneza, nikalitikisa. "Amka! Amka uandike barua! Sitaki kuku wenu, sitaki ubani wenu, nataka barua! Amka wewe mzee muongo, ukaniandikie!" Nilikuwa nalia. Machozi yalikuwa yananiingia mdomoni. Na mjane wake, ambaye tangu alfajiri hakuwa ameinua uso, alikuwa amejifunika kanga anacheka mabega yakimtetemeka. Nikasikia mtu nyuma yangu anamwambia mwenzake, "Mtazame anavyojua kulia. Hawa waliosoma, hata utani wanautia ufundi."

Mwisho kaka mtu alikuja akanishika bega, akanitilia sarafu kiganjani, akaninong'oneza, "Inatosha, mtani. Maiti hacheleweshwi." Nikapisha njia. Nikaenda nao makaburini, nikatia udongo kama wengine.

Baada ya mazishi niliwaweka wazee kitako nikawaeleza. Iliwachukua muda. Mara ya kwanza walicheka tena, mara ya pili wakatazamana. Kaka mtu ndiye aliyeelewa wa kwanza. "Yaani huko," akaniuliza, "wanasoma utani bila mtani kuwapo?" Nikasema ndiyo. Akainamisha kichwa. Akamwita katibu, na pale pale matangani wakaandika barua ndefu, ya heshima: kwamba marehemu alikuwa mtani wa mwanafunzi huyu, kwamba yote aliyoandika ni kinyume chake, kwamba mwanafunzi alilima na kufundisha na marehemu alimlilia siku ya kuondoka. Wazee wote wakatia sahihi. Wale niliowafundisha walitia sahihi kwa majina yao kamili, polepole, wanatamka. Katibu akagonga muhuri wa kijiji.

Bwana mkubwa aliisoma barua ile mbele yangu, mara mbili. Akaniuliza aliyeandika ya kwanza yuko wapi. Nikamwambia.

"Kanuni inasema yeye mwenyewe," akasema. Lakini alikuwa mtu wa haki, sitamsingizia. Aliichukua barua hivyo hivyo akaipeleka barazani, akanitetea. Siku baraza lilipokaa nilikaa nje kwenye benchi tangu asubuhi. Alipotoka nilijua kwa jinsi alivyokuwa anapanga karatasi zake ambazo zilikwisha kupangika.

"Wameuliza swali moja," akaniambia. "Wamesema, kama wazee wa kijiji hiki huandika uongo kwa kufurahisha wakagonga na muhuri, tutajuaje ni barua ipi kati ya hizi mbili iliyoandikwa kwa kufurahisha? Muhuri ni ule ule."

Nikamuuliza yeye aliwajibu nini.

"Niliwaeleza utani ni nini. Walisikiliza sana. Mmoja aliandika kwenye daftari lake, amesema ni mila ya kuvutia." Kisha akaona aniage kwa busara, akasema, "Ndiyo hivyo, kijana. Mzaha mzaha hutumbua usaha."

Ala! Baraza nimelisamehe, mwenyekiti sikuwahi kuwa na la kumsamehe, lakini methali ile mpaka leo sijaisamehe. Nilitoka bila kumpa mkono. Nikaenda chumbani nikabandua karatasi ukutani, na mtu wa Moshi, ambaye ya kwake ilikuwa imetimia yote, akajifanya anatafuta kitu uvunguni ili nisimwone uso.

Mama nilimkuta jikoni, karai liko motoni, anageuza vitumbua kwa kijiti. Aliniona na begi langu lote, akajua. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia sipati shahada. Hakupiga kelele. Akauliza ni nani aliyenifanyia. Nikasema mtani wangu, Mzigua, mwenyekiti wa kule kijijini, kaandika barua.

"Kaandika nini?"

Nikamsomea kwa kichwa, kwa kuwa barua ile niliihifadhi kuliko Yasini. Nilipofika kwenye jembe linalolia, mama alianza kukaza midomo. Kwenye pembe za kurudi nazo Tabora akashindwa. Alicheka, mama yangu, alicheka hadi akaegemea ukuta, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akacheka tena. Na mimi sikumkasirikia, maana ilikuwa inachekesha.

"Huyo mtu kakupenda jamani," akasema, huku anahema. "Mrudie. Mrudie kesho, umwambie mama yangu anakusalimu, anasema futa maneno yako umwachie mtoto wake. Mtani hakatai."

"Kafa, mama," nikamwambia. "Nimemzika."

Kicheko kikamkatikia mdomoni. Alibaki ameshika kile kijiti, mimi nimekaa kwenye kigoda, na vitumbua vikaungua karaini, na hakuna kati yetu aliyeviepua.